Wacheni Kumcheka Karani wa Barua

Kuna hii tabia tuko nayo. Msee akisema amepata uanagenzi serikalini, tunampongeza. Akisema amewekwa masjala, yaani ile ofisi ya kupokea barua na kutunza faili, kicheko kinaanza. "Kumbe umeenda kugonga mihuri?" "Digrii yote hiyo ndio ukapange makaratasi?" Kila mtu anataka kuwa karibu na bosi, kusimamia mitandao ya wizara, kupigwa picha kwa warsha Naivasha. Hakuna anayeota kuwa karani wa barua.

Mimi nasema hivi: kwa mwananchi wa kawaida, hiyo meza tunayoicheka ndiyo serikali yenyewe. Waziri humwoni. Katibu wa Wizara humwoni. Unachoona ni kama barua yako imejibiwa au haijajibiwa. Na mara nyingi jibu hilo linaanzia kwa karani.

Nilikaa kwa meza kama hiyo miezi mitatu nikiwa mwanafunzi, kwa idara moja ya serikali ambayo sitaitaja. Wacha nikuonyeshe barua hupitia wapi, maana wengi wetu hudhani ukiiacha pale mlangoni inaruka moja kwa moja hadi kwa mkubwa.

Barua ikifika inagongwa muhuri wa tarehe. Inaandikwa kwa rejista: imetoka kwa nani, inahusu nini, imeingia lini. Kisha karani anatafuta faili yake, anaiweka ndani na kuipa nambari, ile wanaita folio. Faili inapelekwa kwa afisa anayehusika, na safari hiyo nayo inaandikwa kwa kitabu kingine ili ijulikane iko kwa nani. Afisa akisoma anaandika maagizo: jibu, uliza ofisi fulani, au faili irudishwe mezani kwangu tarehe fulani. Hilo la mwisho huandikwa BU, na ni kazi ya masjala kukumbuka hiyo tarehe. Halafu kuna herufi mbili zingine, PA. Maana yake rudisha faili kabatini, kazi imeisha.

Sasa hesabu hizo hatua. Karibu zote ziko mikononi mwa karani. Afisa anaweza kuwa mtu wa haki kama nini, lakini hawezi kujibu barua ambayo haijamfikia.

Kuna barua moja bado naikumbuka. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, Kiswahili safi, kwa karatasi ya daftari. Mama fulani alikuwa anauliza kuhusu malipo ya marehemu mumewe, na mwishoni akasema hiyo ni barua yake ya tatu. Tukafungua faili ya mumewe. Hakukuwa na barua yoyote yake.

Zile mbili zilienda wapi? Hakuna aliyezichoma. Barua ya kwanza ilipofika, faili ilikuwa imekaa kwa ofisi ya afisa miezi kadhaa, kwa hivyo ikafunguliwa faili ya muda. Ya pili ilipofika, jina likaandikwa vibaya, herufi moja tu, ikafunguliwa faili nyingine tena. Mtu mmoja, shida moja, faili tatu. Na ukisoma ile ya muda pekee, unaona mtu aliyeandika mara moja akanyamaza. Hakuna njama hapo, hakuna hongo. Ni herufi moja na uvivu wa kufuatilia, na mama wa watu anangoja mwaka mzima.

Aliyemwokoa ni karani mmoja mzee tuliyekuwa tunamwita Mzee tu. Alishinda asubuhi nzima akipekua vitabu vya safari za faili hadi akazipata zote mbili. Akaziunganisha na ile ya asili, akabandika karatasi juu: barua ya tatu, hakuna hata moja iliyojibiwa. Wiki hiyo hiyo afisa akaandaa jibu, kwa Kiingereza. Mzee akalirudisha kwa adabu: "Mkubwa, huyu mama ametuandikia Kiswahili." Likaandikwa upya. Niliondoka kabla malipo hayajatoka, lakini lile jibu nililipeleka posta mimi mwenyewe.

Niambie basi, kati ya Mzee na msee wa kupiga picha Naivasha, nani alifanya kazi ya serikali siku hiyo?

Na hilo la Kiswahili si hisani. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi, zote mbili. Lakini ofisini Kiswahili ni cha kusalimiana mlangoni, ukifika kwa karatasi ni Kiingereza cha "kindly be advised". Barua ya Kiswahili inawekwa chini ya rundo kwa sababu hakuna anayetaka kuhangaika kuitungia jibu. Hapa ndio vijana tungefaa kusaidia. Sisi tunaandika kwa lugha zote mbili kila siku kwa simu.

Najua utasema, "Hayo ni ya kitambo, siku hizi kuna eCitizen." Fiti, imesaidia sana, siwezi kubisha. Lakini barua pepe nayo inahitaji mtu aifungue, aisome, aipeleke kwa anayehusika, akumbuke kufuatilia. Mfumo wa kidijitali unachukua kile ulichoulisha. Mei 2014, Waziri wa Ardhi wa wakati huo, Charity Ngilu, alilazimika kufunga masjala ya ardhi pale Ardhi House kwa siku kadhaa ili faili zikaguliwe na kupangwa. Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa mtandaoni, ulizinduliwa Aprili 2021. Kabla ya kompyuta kukusaidia, kuna mtu lazima akae chini na yale makaratasi ayanyooshe. Faili zikiwa fujo, utapata fujo hiyo hiyo kwa skrini, ila sasa ina nenosiri.

Mwingine atasema karani hana nguvu, mshahara ni kidogo, mabosi ndio wanaamua. Kuna ukweli hapo. Karani hatii sahihi kwa uamuzi. Lakini ndiye anajua rundo lina nini na limekaa muda gani. Na sote tunajua ule mchezo mwingine: unaambiwa faili imepotea, unatoa ya chai, faili inaonekana kabla ya saa saba. Faili inayoonekana baada ya chai haikuwa imepotea. Kama karani ana nguvu ya kuficha, basi ana nguvu ya kutoa pia. Tusimwambie hana nguvu wakati wa kuwajibika tu.

Kama bado unadhani faili ni makaratasi tu, sikia hii. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Sehemu muhimu ya ushahidi ilikuwa barua na ripoti za maafisa wa kikoloni wenyewe. Faili hizo zilibebwa kutoka hapa wakati wa uhuru, zikafichwa mahali panaitwa Hanslope Park huko Uingereza, na zikakubaliwa wazi kuwepo 2011. Miaka karibu 50 wazee wakisema tuliteswa, na karatasi za kuthibitisha ziko kwa rafu ya mtu mwingine. Wenye kuzibeba walijua thamani yake. Sisi hupatana pale Archives kwa Moi Avenue kila wikendi, tunangojana nje na simu mkononi, na ndani kumejaa barua za makarani ambao leo tungewacheka.

Kwa hivyo nina maneno kwa watu wawili.

Kwanza wewe unayeingia ofisi ya serikali mwaka huu. Ukiwekwa masjala, usikae hapo ukinuna ukingoja kuhamishwa. Andika jina vile liko kwa kitambulisho. Kabla hujafungua faili ya muda, uliza ile ya asili iko kwa nani. Tarehe ya BU ikifika, peleka faili hata kama afisa atakunja uso. Na kama jibu litachelewa, omba ruhusa mwananchi atumiwe barua fupi: tumepokea yako, inashughulikiwa, nambari yake ni hii. Mistari miwili tu. Hiyo mistari inamwondolea mtu nauli ya kutoka Lodwar kuja kuuliza.

Pili wewe unayeandikia serikali. Weka tarehe. Ongea jambo moja, usichanganye basari na shamba la babu. Toa nakala mbili, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri. Huo muhuri ndio shahidi wako. Ukinyamaziwa, tumia sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi la habari linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na lijibiwe ndani ya siku 21. Kama inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Basi andika ombi hilo: barua yangu ya tarehe hii iko kwa ofisi gani, na hatua gani imechukuliwa? Wakikataa au wakinyamaza tena, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale tunaowaita Ombudsman. Pia kuna kifungu cha 47: uamuzi wa ofisi ukiumiza haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Tumezoea kulalamika kwamba serikali haisikii. Mara nyingi haijakataa kusikia. Barua imekaa tu mahali, hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana, na hakuna jina la kulaumu. Huo ni uamuzi pia, tena mbaya kuliko wote, kwa sababu huwezi kuukatia rufaa.

Anayeweza kuukomesha anakaa kwa ile meza yenye muhuri na rejista. Kesho inaweza kuwa wewe. Tafadhali usiione ndogo.