Aandike Kwanza, Atazame Baadaye

Askari aliyefyatua risasi asioneshwe video ya tukio kabla hajaandika maelezo yake. Aandike anachokikumbuka, atie sahihi, ndipo atazame. Akigundua amesahau au amekosea, aandike maelezo ya pili, na mahakama isome yote mawili. Idara nyingi za polisi nchini Marekani hufanya kinyume: askari hutazama kwanza, huandika baadaye. Wahenga walishasema, mwamba ngoma huvutia kwake.

Chukua Chicago. Tarehe 20 Oktoba 2014, Laquan McDonald, kijana wa miaka 17 aliyekuwa na kisu, alipigwa risasi 16 na askari Jason Van Dyke. Maelezo ya polisi yalidai kijana aliwaelekezea kisu kwa vitisho. Ripoti ya upelelezi ikaongeza kwamba video imetazamwa na inalingana na maneno ya mashahidi. Novemba 2015, baada ya jaji kuamuru itolewe, watu wakajionea: kijana alikuwa akitembea kando, akijitenga na askari. Mwaka 2018 Van Dyke alitiwa hatiani. Askari watatu walioshtakiwa kwa kula njama ya kuficha ukweli waliachiwa Januari 2019.

Hata ukiukubali uamuzi huo wa mwisho, jambo moja linabaki. Umma ulishtuka kwa sababu karatasi ilisema hivi na picha ikasema vile. Pengo hilo lilikuwa ushahidi. Mpe askari video kabla ya kalamu, na pengo litazibwa kabla wakili hajaliona.

Watetezi husema kumbukumbu ya mtu aliye hatarini hupotoka, na si haki kumwita mwongo kwa kosa dogo. Kweli, hupotoka. Lakini video nayo huipotosha. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Waliposikia swali kwamba magari “yalibamizana”, 16 kati ya 50 walisema wiki moja baadaye kuwa waliona vioo vilivyovunjika. Walioulizwa kama “yaligongana” walikuwa 7 kati ya 50. Vioo vilivyovunjika havikuwepo. Ikiwa neno moja linaweza kupanda vioo kichwani, video nzima itapanda nini?

Tena sheria yenyewe inawaumbua. Katika kesi ya Graham v. Connor ya mwaka 1989, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema nguvu iliyotumiwa na askari ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale, si kwa hekima ya baadaye. Vyema. Basi tuambiwe alichokiona pale, si alichokiona kwenye kioo cha kompyuta kesho yake. Haiwezekani kujikinga kwa kipimo cha wakati ule huku maelezo yakiandikwa kwa macho ya baadaye.

Raia aliyeshuhudia tukio lile lile akiwa kituo cha basi haitiwi ofisini kutazama video ili akumbuke vizuri. Huulizwa: uliona nini? Akijikanganya mahakamani, wakili humkaba koo. Mwenye bunduki na beji hastahili swali jepesi kuliko hilo.