Yatima na Risiti Yake
Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu umefika, na kwenye kibanda cha fotokopi karibu na kwangu foleni inaanzia barabarani. Juzi mbele yangu binti alikuwa akiskani cheti cha kifo cha baba yake; kimetoka na kivuli, kirudiwe, alipe tena. Chuo bado hakijamjibu, ila RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, lazima ihakiki cheti, mdhamini asaini, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri, na ada ya maombi, shilingi 30,000, itangulie. Masikini hakosi ushahidi, hukosa nauli ya kuupeleka. Kumtoza yatima ili athibitishe kwamba hana ni dhihaka. Akishaajiriwa hataombwa fomu: asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa juu kwa juu kulipa mkopo.