Na jukwaani je?

Tukizungumzia sanaa na watu wenye ulemavu tunawawazia kama watazamaji tu, tunasahau kuwa wamo waimbaji, waigizaji na wachoraji. Shemeji yangu anatumia kiti cha magurudumu. Ukumbi mmoja hapa mjini una rampu nzuri mlangoni, lakini kupanda jukwaani ni ngazi tupu. Siku ya kughani shairi lake alibebwa juujuu mbele za watu. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, inataka wapewe nafasi ya kukuza vipaji vyao. Waandaaji, mnapopanga bajeti ya taa na spika, pangeni pia rampu ya jukwaani na mkalimani wa lugha ya alama.