Simu Yako Inachora Ndege Ambaye Hayupo

Haya, nimerudi. Nimekaa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi za watu, na leo sikuja na programu mpya wala maelekezo ya kusakinisha chochote. Leo nina kesi. Mshtakiwa ni zumu ya simu, ile inayotangazwa kwa herufi kubwa: mara 30, mara 50, mara 100. Nasema hivi: kama unapiga picha za ndege wa nyumbani kwako ili ujue ni ndege gani, zumu hiyo ni shahidi wa uongo, na sisi tunaoielewa tumenyamaza mno.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Kwetu ni Shinyalu, si mbali na ukingo wa msitu wa Kakamega. Nafanyia kazi zangu za programu hapa hapa, na dirisha langu linatazama mpera wa mama. Mapera yakiiva, mti huo hauna nafasi. Shore huja, kwera huja, chozi hupita kwenye maua ya jirani. Hondohondo huvuka juu na kelele zao kama mkutano wa kampeni. Halafu kuna kandege kadogo ka rangi ya majani makavu, kijani isiyo kijani na kahawia isiyo kahawia, ambako hula pera kwa haraka na kujificha.

Siku moja nilimpiga picha yule mdogo kwa simu, yapata mita 20. Simu yenyewe sitaitaja, maana nyingi zimefanana kwa tabia hii. Nikavuta hadi mara 100. Picha ikatoka safi mno! Manyoya moja moja. Na kuzunguka jicho, duara jeupe jembamba.

Wanaofuatilia ndege wa Kakamega wanajua kwa nini moyo ulinidunda. Msitu wetu una jamii kadhaa za ndege wa ukoo wa shore wanaofanana kama mapacha. Mmoja kitabuni anaitwa Little Greenbul, wa kawaida sana, huonekana hata vichakani pembeni mwa msitu. Mwingine ni Ansorge's Greenbul, ambaye hapa Kenya anajulikana kutoka misitu ya Kakamega na Nandi, na hukaa ndani ya msitu wenyewe. Alama moja ya kuwatenganisha ni hiyo hiyo: Ansorge's ana kiduara cheupe kuzunguka jicho, Little hana.

Nikaanza kujaza rekodi: tarehe, mahali, jina. Kabla ya kubonyeza nikamwonyesha mama kwa majivuno.

"Huyu umemtoa wapi?" akauliza.

"Kwenye mpera wako, Mama."

"Wa mpera wangu hana miwani, mwanangu."

Nilicheka. Halafu nikafungua picha zingine nilizopiga ndani ya sekunde zile zile. Katika moja duara lipo. Katika ya pili halipo. Katika ya tatu lipo jicho moja kubwa kuliko lilivyopaswa, na mdomo una ncha mbili. Ndege mmoja, tawi moja, sekunde tatu, nyuso tatu. Kesho yake nikaazima darubini na kumsubiri. Mama alikuwa sahihi. Hana miwani.

Sasa tupige hesabu, maana ndiyo kazi tuliyosomea.

Lenzi ya kukuza ya simu yangu ni ya mara 5, na picha yake ina pikseli milioni 12, yaani 4000 kwa 3000. Ukiomba mara 100, lenzi haisogei hata kidogo. Simu hukata kipande cha katikati, moja ya ishirini ya upana na moja ya ishirini ya urefu. Kinachobaki ni pikseli 200 kwa 150. Hizo ni pikseli 30,000 tu. Lakini faili ninalopewa bado lina pikseli milioni 12! Zile milioni 11 na laki kadhaa zimetoka wapi?

Tena: kwa lenzi hiyo, kwenye mita 20, kila pikseli inafunika karibu milimita 1.5 za ndege. Kiduara cha jicho la ndege wa sentimita 16 hakifikii milimita moja kwa unene. Kwa hiyo hata kama kingekuwepo, simu yangu haikuwa na uwezo wa kukiona. Haikukiona. Ilikikisia, ikakichora vizuri, ikanipa bila kuniambia.

Najua kuna mtu ameshaanza kunijibu: "Lakini kila kamera ya dijitali inakisia." Kweli kabisa. Katika kamera nyingi kila pikseli ya kihisi hupima rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, na zile mbili zingine hukadiriwa kutokana na majirani zake. Simu pia huunganisha picha nyingi za haraka kuwa moja ili kupunguza chembechembe. Sina ugomvi na hayo. Makadirio hayo yanatokana na mwanga uliotoka kwa ndege huyu, dakika hii. Akitikisa bawa utaona mabawa mawili, na utajua picha imeharibika.

Ugomvi wangu ni hatua inayofuata, pale ambapo mashine iliyofundishwa kwa mamilioni ya picha za ndege wengine inajaza pengo la ndege wangu. Hapo picha si ushahidi tena. Ni maoni. Ni kama shahidi mahakamani aliyekuwa amelala wakati wa wizi, lakini amesikia kesi nyingi za wizi, kwa hiyo anaeleza jinsi wizi huwa.

Na hili si fununu. Mnamo Machi 2023 mtu mmoja kwenye Reddit alichukua picha ya mwezi, akaipunguza na kuitia ukungu hadi alama zake zikapotea, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta, kisha akaipiga kwa simu ya Samsung akiwa mbali. Simu ikamrudishia mwezi wenye alama ambazo kwenye kile kioo hazikuwepo. Samsung ikaeleza kwamba mfumo wake hutambua mwezi na kuuongezea undani. Dunia ikacheka ikaendelea na shughuli zake. Mwezi ni mmoja, sura yake tunaijua, hasara iko wapi?

Agosti 2025 Google ikatangaza Pixel 10 Pro yenye zumu hadi mara 100, na ikasema wazi kwamba kwenye ukuzaji wa juu kabisa inatumia akili mnemba inayozalisha picha. Kwa haki niseme: waliweka pia alama ndani ya faili inayoonyesha kuwa akili mnemba ilihusika. Nawapongeza kwa hilo. Lakini soma jambo moja walilosema: zana hiyo haifanyi kazi ikiona kuna mtu kwenye picha.

Kwa nini? Kwa sababu kila mtu anajua ubaya wa kumchorea binadamu uso usio wake. Binadamu atalalamika, atakwenda mahakamani. Ndege hana wakili. Ndege wa Shinyalu ndiyo kabisa.

Sasa utaniuliza, kandege kamoja kwenye mpera kana uzito gani? Kana uzito mkubwa.

Rekodi za ndege leo haziandikwi na maprofesa peke yao. Kenya Bird Map inajengwa na watu wa kawaida, wanaoorodhesha ndege katika vipande vya ramani vya takriban kilomita 9 kwa 9. Kuna eBird. Kuna iNaturalist, ambako rekodi zikikubaliwa na watambuzi hutiririka hadi GBIF, ghala la data la dunia nzima. Na picha hizo hizo za iNaturalist ndizo zinazofundishia mashine kutambua viumbe. Umeona mzunguko? Mashine inachora ndege wa uongo, mimi nampa jina, jina linakuwa data, data inafundisha mashine nyingine. Kule darasani tuliambiwa siku ya kwanza: takataka ikiingia, takataka itatoka. Hawakutuambia kwamba takataka itatoka ikiwa na manyoya mazuri.

Na kwetu kuna hatari ya pili. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha misitu ile ya Kongo. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, na tangu hapo umekuwa ukimegwa. Ndege wanaohitaji msitu wenyewe, kama Ansorge's Greenbul, ni hoja hai ya kwa nini usimegwe zaidi. Sasa fikiria rekodi kumi, ishirini, zenye picha safi, zinazoonyesha ndege huyo akila mapera nyuma ya jikoni za watu. Mwenye nia ya kukata atasema nini? "Kumbe wanaishi vizuri tu kwenye migomba. Msitu wa nini?" Na picha atakuwa nazo. Za kwetu wenyewe!

Jambo la pili nililosikia ni hili: "Wewe una uwezo, sisi tuna simu tu." Ndugu yangu, sikuambii ununue lenzi ya bei ya ng'ombe watano. Kinyume chake. Nakuambia uache kulipia zumu ambayo haipo. Fanya haya:

1. Sogeza ndege, usisogeze pikseli. Kutoka mita 20 hadi mita 4 ni faida ya mara 5 ya kweli, bila senti. Beseni la maji ya kina kifupi, au ndizi iliyoiva kupita kiasi juu ya kisiki, mita 4 kutoka dirishani. Maji yabadilishwe kila siku. Kaa ndani ya chumba chenye giza, nyuma kidogo ya dirisha. Ndege wameizoea nyumba. Wanachoogopa ni wewe ukitoka.

2. Kama simu yako ni ya kawaida isiyo na lenzi ya kukuza, weka kamera yake kuu kwenye kioo cha darubini. Darubini ya mara 8 inakupa mara 8 za mwanga halisi. Egemeza vyote juu ya mfuko wa maharagwe kwenye kizingiti cha dirisha. Picha itakuwa na duara jeusi pembeni. Iache.

3. Ukipata fedha kidogo, tafuta kamera ya mtumba yenye zumu ya lenzi. Canon SX50 HS ya mwaka 2012 inafika sawa na milimita 1200, na inahifadhi faili ghafi. Kwa hesabu ile ile ya mita 20, kila pikseli inafunika karibu milimita 0.15, mara kumi bora kuliko simu yangu. Nikon P900 ya 2015 inafika 2000, ila haina faili ghafi. Lenzi ndogo na hewa vitakula sehemu ya undani huo, lakini kinachobaki ni cha ndege.

4. Piga asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako. Hapa kwetu mvua ya alasiri haingoji mtu. Kasi ya 1/1000 kwa ndege anayerukaruka, 1/250 kwa aliyetulia. Akiwa juu na mbingu nyeupe nyuma yake, ongeza mwanga hatua moja.

5. Tazama kabla ya kupiga. Andika kwanza macho yako yameona nini: jicho, mdomo, miguu, alikuwa anafanya nini. Halafu rekodi sauti. Hawa mapacha wa msituni sauti huwatenganisha kuliko rangi.

6. Usikate majani ya kiota ili upate picha, na usimchezee ndege sauti ya mwenzake mchana kutwa. Anayelipa gharama ya picha hiyo ni makinda.

Na kama baada ya hayo yote picha ni ukungu, ipeleke ikiwa ukungu! Andika "ukoo wa shore, sijui yupi." iNaturalist inakubali jibu la ngazi ya ukoo. Ukungu wa kweli una thamani kuliko uso wa kubuni, kwa sababu ukungu unamwambia anayekuja baada yako kwamba hapa hakuna aliyeona vizuri.

Wanaotengeneza simu nao wana deni. Weka kitufe kimoja, kinachoonekana, cha kuzima uchoraji. Hifadhi faili la asili kila mara. Andika juu ya picha yenyewe kwamba undani huu umebuniwa, si ndani ya faili tu ambako mama yangu hatafika. Na wanaopokea rekodi za ndege wasio wa kawaida waanze kuomba faili la asili, siyo picha iliyopendeza. Sisi wenye taaluma hii tunaweza kudai haya, maana tunajua hayahitaji muujiza. Ni mistari michache ya kodi na nia.

Hapa Isukha, siku ya fahali kupigana, watu huacha kazi wakaenda kutazama kwa macho yao. Jaribu kumsimulia mzee aliyekuwepo kwamba fahali alikuwa na pembe tatu. Atakufukuza. Kwa nini kwa ndege tukubali?

Rekodi yangu niliifuta kabla haijatoka. Mpya inasema Little Greenbul, picha imepigwa kupitia darubini, ina duara jeusi pembeni na jicho halijakaa sawa. Mama ameiona.

"Eeh," akasema. "Huyu ndiye mwizi wangu."