Fundi wa Bao Asimcheke Anayejifunza



Bao ni mchezo wetu wa akili. Mwalimu Nyerere naye alipenda kuucheza. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32. Basi kwa kete wako sawa, lakini kwa ujuzi huenda hawako sawa.

Fundi huona mbali. Anayejifunza huona kete za kula tu. Sheria ya bao inasema: ukiweza kula, lazima ule. Fundi huitumia sheria hiyo. Humwachia mwenzake kete chache, naye hulazimika kuzila. Zamu inayofuata, fundi hula nyingi. Mara mstari wa mbele wa mwenzake unabaki mtupu. Nyuma bado ana kete, lakini amefungwa.

Hapo watazamaji hucheka. Mimi nasema kicheko hicho ni kibaya. Anayechekwa leo, kesho haji. Mwisho fundi hubaki peke yake kivulini, hana wa kucheza naye.

Wengine husema, "Fundi ajifungishe, ili mwenzake asivunjike moyo." Hilo nalo silikubali. Ushindi wa kupewa haufundishi kitu. Fundi acheze kwa ujuzi wake wote. Mchezo ukiisha, azipange kete tena, amwonyeshe mwenzake: "Hapa ndipo ulipoanza kufungwa." Kama mwenzake ni mgeni kabisa, waanze na bao la kujifunza. Humo kete hupangwa mbili mbili katika kila shimo tangu mwanzo.

Wazee wa Upare walijenga ndiva. Maji hukusanywa humo usiku, asubuhi hufunguliwa yaende mashambani. Ndiva isiyofunguliwa hainyweshi mahindi. Ujuzi nao ni hivyo hivyo.

Wewe sasa unajua kusoma. Labda jirani yako bado. Akikuletea barua au stakabadhi ya mazao, usimsomee tu na kumrudishia. Mwonyeshe herufi za jina lake. Kisha mwalike darasani. Ukimcheka, hatakuja tena, na kesho atapunjwa sokoni kwa sababu hajui kusoma mizani.

Nawe unayejifunza, usimkimbie fundi. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Ukifungwa, uliza: "Nimekosea wapi?" Halafu panga kete, ucheze tena.