Fundi wa vitasa naye awe mwanamke



Tukipanga harusi tunahakikisha mpambaji ni mwanamke, mchora hina mwanamke, hata mpiga picha wa ukumbini. Kisha kitasa cha chumba cha bibi harusi kinakwama katikati ya fungate, anaitwa mwanamme tusiyemjua na anaingia na bisibisi yake mpaka kitandani. Hilo hatulipangi.

Na huyo afadhali, mume yupo. Je, mjane aliye ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, mlango ukimgomea usiku? Au mama aliyefungiwa nje na mtoto mchanga yumo ndani? Mara nyingi mlango unavunjwa tu, kisha anatafutwa seremala.

Sisi tunasema wasichana wetu wajifunze kazi hii. Haitaki misuli. Ndani ya kitasa cha kawaida mna pini ndogo zinazosukumwa na springi. Fundi anatia kijichuma cha kukazia, anakizungusha kidogo mno, na kwa kijichuma cha pili anainua pini moja moja mpaka kila moja ikae usawa wake. Hapo kitasa kinazunguka. Ukikaza sana, pini zinagoma. Anayejua kutengeneza mkazo wa uzi wa cherehani atatuelewa: ni kazi ya vidole vinavyosikia. Mtu aanze na kufuli lake mwenyewe la bei rahisi, mezani. Kwa magari kuna kifaa kutoka China kiitwacho Lishi, kina vipimo ubavuni. Kinafungua mlango na kinasoma kina cha meno, ufunguo mpya ukachongwa bila ya kung'oa kitasa. Kila aina ya ufunguo ina Lishi yake, kwa hiyo mtu asinunue kwa pupa.

Watakuwepo wa kusema tunafundisha wizi. Mwizi wa kwetu hana subira hiyo, yeye huja na mtaimbo. Lakini hofu yenyewe si ya kupuuzwa. Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) alimrudishia Uthman bin Talha ufunguo wa Al-Kaaba, na ukoo wa Bani Shayba wanaushika mpaka leo. Ufunguo ni amana. Basi fundi wetu afungue mwenye nyumba akiwepo, na jirani mmoja ashuhudie, aandike kwenye daftari, wala asijichongee ufunguo wa pili. Na kasha la mke mwenzio halifunguliwi kwa sababu umeshikwa na shaka. Hapo fundi akatae, hata akiongezewa pesa.

Kwa sasa mwalimu huenda akawa mwanamme, kwa hiyo waende wawili au watatu pamoja, na mafunzo yawe barazani. Vifaa vya mwanzo tuvinunue kwa zamu moja ya upatu. Pesa kama hizo tunazimaliza kwa sare ya siku moja, na hilo tunalisema sisi tunaoishona.