Mweka Hazina wa Milele

Ingia kwenye chama hapa Kamukuywa, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, uulize nani anaweka pesa. Utaonyeshwa mama. Sasa uliza mwenyekiti ni nani. Kama kuna wanaume wawili watatu kwenye kikundi, usishangae ukionyeshwa mmoja wao. Pesa tunaaminiwa nazo. Kiti, hapana.

Halafu uchaguzi ukikaribia tunaletewa semina. Soda, mkate, kalamu ya bure, na mtu wa kutuambia ati shida yetu ni kutojiamini. Ati kizuizi kiko kichwani. Sawa, kiko kichwani. Nataka tu kujua nani alikiweka huko, na nani anafaidika kikikaa.

Bungoma ina maeneobunge 9, Trans Nzoia ina 5. Mwaka 2022 yote 14 yalichagua wanaume. Msichana aliyekulia hapa hahitaji kuambiwa kiti si chake. Alitazama waliochaguliwa, akaelewa.

Katiba ya 2010 ilileta kiti cha Mwakilishi wa Wanawake, kimoja kwa kila kaunti, 47 kwa jumla. Nia ilikuwa kutuongeza bungeni. Mtaani kimegeuzwa ua la kutufungia. Mwanamke akisema anataka ubunge wa kawaida, anaulizwa: "Si mko na kiti chenu, mayi?" Swali lenyewe linaulizwa kwa upole, na linauma kuliko tusi, maana linakufanya ujione umeshika mali ya wenyewe.

Na matusi pia yapo. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jumba la orofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Bungeni wakaacha hoja ya bustani, wakaanza kulidharau kundi lake kuwa la wanawake waliotalikiwa. Jumba halikujengwa, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tunapenda kusimulia huo mwisho mtamu. Lakini msichana anayesikiliza anasikia na bei: ukisimama, tutaijadili ndoa yako. Siku hizi inajadiliwa WhatsApp kabla hujachukua hata fomu.

Kwa hivyo mwanamke anayekataa kusimama amepiga hesabu, na hesabu yake iko sawa. Ni yuleyule mama anayeangalia kreti ya nyanya mara moja tu akajua atapata faida au hasara. Leo unamwambia hajui kujipima?

Najua utajibu: wanawake ni wengi, mbona hawapigiani kura? Wao ndio maadui wa wenyewe! Bana, wanaume wanapigana vita vya kura tangu uhuru. Wanatukanana, wanahamana vyama, wanasalitiana mchana peupe. Hapo tunasema ni siasa. Wanawake wawili wakitofautiana, inakuwa maumbile.

Kuna mzigo mmoja tu ambao ni wetu kuutua: ile "mimi ni mama tu", ile "ngoja kwanza nisome zaidi". Mimi niliacha chuo karo iliposhindikana. Tangu hapo nimesikia wanawake wenye digrii wakisema hawajawa tayari kuongoza hata kamati ya maji. Na nimeona vijana wa kiume, wenye karatasi chache kama zangu, wakiitana mheshimiwa kwenye steji ya bodaboda. Hao hakuna aliyewapeleka semina.

Mkitaka kutibu woga, anzeni juu. Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanaochaguliwa. Bunge lilikataa kupitisha sheria ya kutekeleza hilo, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Watu wazima, wenye walinzi na mishahara minono, waliogopa kusogea kidogo kwenye kiti. Hiyo soda na mkate pelekeni huko.

Sisi huku tuanze na chama. Mkikutana kuchagua viongozi, yule mama mwenye kitabu cha pesa apendekezwe uenyekiti, na apendekezwe kwa sauti, asingoje kuombwa. Mwenyekiti wa sasa naye ajaribu kuweka hazina. Tuone nani hajiamini.